Tazama Magoti: Kulijua Darasa Zuri la Lindy Hop

Mtu mzima akitaka kujifunza Lindy Hop, dansi ya swingi, huchagua darasa kwa bei, kwa ukaribu na kazini, au kwa sababu ameona video ya mwalimu akimrusha mwenzake hewani. Video hiyo haimwambii lolote analolihitaji. Mimi huomba kukaa pembeni nitazame saa moja kabla ya kulipa, na jicho langu huanzia magotini.

Katika swingi, mwili hushuka na kila pigo. Mchezaji aliyefundishwa vizuri hata akisimama hatulii kabisa: magoti yanalegea kidogo, uzito unazama sakafuni, unarudi, unazama tena, kama mama anayembembeleza mtoto mgongoni huku akiongea na jirani. Kichwa chake hakipandi wala hakishuki sana. Ukiona darasa zima linarukaruka kama bisi kwenye sufuria, jua wamefundishwa hatua bila kufundishwa mdundo. Kosa hilo ni gumu kulitoa baadaye, maana mwili ukishazoea kuruka huusikia muziki kwa juujuu.

Kwa hiyo mwalimu ninayemwamini hutumia sehemu kubwa ya saa ya kwanza kuwatembeza watu tu. Wanatembea na muziki, wanapiga makofi kwenye pigo la pili na la nne, wanaachwa wakosee. Hesabu huja baadaye. Mwalimu wa haraka huanza na hesabu, na baada ya mwezi wanafunzi wake bado wanasogeza midomo, moja, mbili, tatu, macho yamewaganda kwenye viatu, na bendi inapiga kana kwamba iko nyumba ya pili.

Baada ya magoti, tazama mkono. Hatua mama ya Lindy Hop ni swingauti: mapigo manane ambamo wawili hukaribiana, huzunguka pamoja, kisha huachiana hadi mwisho wa mikono yao. Pale mwisho ndipo pa kupimia. Mkono uwe kama kamba ya kisimani yenye ndoo iliyojaa: imenyooka, inabeba uzito, haikwaruzi. Anayeongoza hutumia kiwiliwili chake chote, anasogea na mwenzake anasikia. Akivuta kwa misuli ya mkono, utaliona bega la mwenzake likishtuka. Mimi niliwahi kusoma mahali walipofundisha kuvuta namna hiyo, na kifundo cha mkono kiliniuma mwezi mzima. Nilidhani ni udhaifu wangu. Haikuwa hivyo. Dansi hii ikichezwa sawasawa haiumizi bega la mtu.

Sikiliza pia anayefuata anaambiwa nini. Kama maelekezo yote ni ya anayeongoza, na mwingine anaambiwa tu “mfuate,” darasa hilo limefundisha nusu. Anayefuata ana mdundo wake, ana nafasi ya kuchelewesha, kupinda, kujibu. Mtazame mchezaji Norma Miller na wenzake kwenye filamu ya Hellzapoppin' ya mwaka 1941. Kasi yao inatisha, lakini wanawake wale hawabebwi kama mizigo. Kila mmoja anasema lake kwa miguu.

Filamu hiyo hiyo imewapotosha wengi, kwa sababu macho hukimbilia mirusho. Mrusho wa kwanza wa Lindy Hop aliutoa mchezaji Frankie Manning pamoja na Frieda Washington mwaka 1935, katika shindano la ukumbi wa Savoy, na kabla ya hapo walikuwa wameufanyia mazoezi makali. Ukikuta watu wa wiki ya tatu wanafundishwa kurushana, ondoka, hata kama umeshalipa.

Savoy yenyewe ni kipimo. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1926 Harlem, jijini New York, kwenye barabara ya Lenox kati ya mtaa wa 140 na wa 141. Ulikuwa na majukwaa mawili, bendi moja ikimaliza nyingine inapokea. Weusi na weupe walicheza sakafu moja, jambo ambalo kumbi nyingi za Marekani wakati ule zililikataa. Mwalimu anayeuza swingi kama sketi za nukta na suspenda, bila kuitaja Harlem wala Wamarekani Weusi walioiumba, humpa mwanafunzi umbo tupu. Mwenye kuijua historia hata hatua zake hubadilika. Atakueleza, kwa mfano, kwamba Manning aliinamisha mwili mbele kama mkimbiaji, na kwamba huko kuinama ndiko kunakofanya magoti yafanye kazi.

Manning ananigusa kwa sababu nyingine. Zama za swingi zilipopita aliingia posta, akafanya kazi huko miaka takriban 30. Katikati ya miaka ya 1980 vijana wa California na Sweden walimtafuta awafundishe, naye akiwa amekwisha kutimiza miaka 70. Alifundisha karibu mpaka kifo chake mwaka 2009. Anayedhani amechelewa kuanza akiwa na miaka 40 na afikirie hilo anapofunga kamba za viatu. Viatu navyo viwe na soli ya ngozi; mpira hung'ang'ania sakafu na goti ndilo hulipia.

Kwetu tuliokulia kwenye dansi za bendi za Tanzania kama Morogoro Jazz na Western Jazz, neno jazi lilikuwa jina la bendi, na kiuno ndicho kilichotangulia. Swingi hutaka mguu utangulie. Ilinichukua muda kukubali.

Usiondoke kabla ya dakika kumi za mwisho. Mwalimu ananyamaza, anaweka muziki wa Count Basie, watu wanachagua wenza. Mtazame akimwendea yule mgeni kuliko wote, aliyejibanza ukutani. Uone kama anamwonyesha ufundi wake, au anapunguza hatua zake mpaka zilingane na za mgeni, wote wawili wakidunda taratibu mahali pamoja, hadi yule mgeni anaacha kutazama chini.