Sari ya Durga

Harihar amerejea kijijini baada ya miezi mingi ya kutafuta riziki mijini. Anakuta ukuta umeanguka na nyumba imebaki magofu. Mkewe Sarbajaya anamtengea maji, kimya. Mume, kwa furaha ya msafiri aliyefika, anafungua mzigo na kutoa zawadi moja baada ya nyingine: kibao cha kusukumia chapati, picha ya Lakshmi iliyotiwa fremu, halafu sari ya binti yao Durga. Anamsihi mama aishike, aione ilivyo nzuri. Hajui kwamba Durga amekufa. Sarbajaya anaipokea sari, anaikumbatia, na uso wake unapasuka kwa kilio. Tunauona mdomo umefunguka na mabega yakitikisika, lakini sauti yake hatuisikii. Mahali pake inapanda sauti ya ala ya nyuzi, kali na ndefu.

Tukio hili limo katika Pather Panchali, filamu ya Kibengali ya mwaka 1955 iliyoongozwa na Satyajit Ray kutokana na riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay. Nimetazama filamu nyingi za kuliza, na bado sijaona dakika chache zilizoandaliwa kwa subira kama hizi. Kumliza mtazamaji si jambo gumu. Mlaze mtoto kitandani, mpe homa, lete vinanda, na ukumbi mzima utatoa leso. Kazi ngumu ni kumfanya mtu alie kwa sababu amemfahamu marehemu, akajua ni nini hasa kilichopotea. Ray aliianza kazi hiyo zaidi ya saa moja kabla ya sari kutoka mfukoni.

Sisi wa Pwani tumelizwa sana na sinema za Kihindi. Waliokuwa vijana miaka ya 1950 na 1960 Unguja, Mombasa na Dar es Salaam wanaikumbuka Awara, wanaikumbuka Mother India, na wapo wanaoziimba nyimbo za filamu hizo hadi leo bila kuyajua maneno. Zile zilitoka Bombay, na huko huzuni hupewa wimbo wake, mwigizaji akasimama akauimba uchungu mpaka ukaisha. Njia hiyo ina heshima yake, nami sitaidharau. Ray, aliyekuwa Calcutta, alishika njia nyingine. Watu wake hawaimbi msiba. Wanachota maji, wanafagia ua, wanagombana kuhusu deni.

Tumtazame Durga mwenyewe. Tunamjua kwanza kama mwizi wa mapera. Anayachuma katika shamba la jirani, shamba ambalo zamani lilikuwa la ukoo wao, na anampelekea shangazi mzee Indir aliyekunjamana kama karatasi. Anamfungulia mdogo wake Apu jicho kupitia tundu la shuka ili aamke aende shule. Anamchana nywele. Jirani anapokuja kumshtaki kwamba ameiba mkufu wa shanga, mama yake anampiga, anamburura kwa nywele hadi nje ya lango. Durga hakiri kitu. Baadaye anamtazama rafiki yake akivishwa mapambo ya harusi, na uso wake unatuambia kila kitu kuhusu nguo alizovaa yeye.

Kwa hiyo sari ile si zawadi ya kubahatisha. Ni nguo ya msichana aliyekuwa anaingia utu uzima akiwa na matambara. Tena imeletwa na Harihar, baba mpole, mwotaji, ambaye filamu nzima amekuwa akiahidi: nyumba itakarabatiwa, mshahara utadaiwa, tamthilia zake zitauzwa, mambo yatanyooka. Hii ndiyo mara ya kwanza tunamwona ametimiza ahadi. Ameitimiza kwa mtu asiyekuwepo.

Na anayeipokea ni mama aliyempiga. Sarbajaya si mama mtakatifu wa sinema. Umaskini umemfanya mkali; amemfukuza shangazi mzee aliyekwenda kufia porini, amemnyima binti yake upole mara nyingi. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu wa mama huyu umechanganyika na kumbukumbu ya mkono wake mwenyewe. Ray hatuambii hivyo popote. Ametuonyesha kipigo, akatuachia.

Kinachonistaajabisha zaidi ni jinsi alivyokizuia kilio. Durga anacheza kwenye mvua ya kwanza ya masika, anashikwa na homa, na usiku wa dhoruba mama anapambana na mlango unaosukumwa na upepo huku sanamu ya Ganesh ikitikisika rafuni. Hapo mwongozaji mwingine angeishiwa na subira, angemwachia mama alie. Ray anatupeleka asubuhi. Jirani anafika, anamkuta Sarbajaya ameketi, mtoto yuko mikononi mwake, na uso wa mama hauna kitu. Kisha siku zinapita. Apu anapiga mswaki peke yake, anajichana nywele peke yake. Anatoka na chupa kwenda dukani, anaangalia mawingu, anarudi kuchukua mwavuli. Hakuna mtu wa kumkumbusha tena, hivyo amejifunza kujikumbusha. Mwavuli huo huniuma karibu sawa na sari. Muda wote huo hakuna aliyelia ipasavyo, na mtazamaji amebaki na donge kooni bila pa kulitolea. Baba anaporudi na mzigo wake, kilio kimekwisha kukaa muda mrefu mno.

Ndipo Ray anaiondoa sauti. Katika mitaa yetu msiba hutangazwa na sauti. Ukisikia ukelele wa mwanamke nyumba ya tatu, huulizi, unachukua kanga au kofia yako unakwenda. Kuondoa sauti hiyo ni kuondoa kiungo chenyewe cha msiba. Ravi Shankar, aliyetunga muziki, aliweka hapo tar shehnai, ala inayopigwa kwa upinde na kufungwa baragumu dogo la chuma linaloipa sauti ya puani, ya kukwaruza, karibu na koo la binadamu lakini si koo la mtu yeyote. Aliyeipiga ni Dakshina Mohan Tagore, katika mpangilio wa sauti uitwao raga Patdeep, sauti zikiwa juu kabisa. Karibu muziki wote wa filamu ulirekodiwa katika kikao kimoja cha takriban saa 11, kwa kuwa Shankar alikuwa mtu wa safari. Kilio cha mwigizaji kingekuwa cha Sarbajaya tu. Hiki hakina mwenyewe, na mtazamaji anajikuta amekijaza kwa sauti anayoijua yeye.

Waliofanya haya wengi wao walikuwa wageni katika sinema. Ray alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo. Subrata Mitra, mpiga picha, alikuwa na umri wa miaka 21 na hakuwahi kushika kamera ya filamu. Kazi ilianza mwaka 1952, ikasimama kila fedha zilipokwisha. Ray aliweka rehani bima yake na vito vya mkewe, hadi serikali ya West Bengal ilipotoa fedha za kumalizia. Baadaye alisema mambo matatu yaliiokoa filamu: sauti ya Apu haikuvunjika, Durga hakukua, na bibi aliyeigiza Indir, Chunibala Devi, hakufariki kabla ya kazi kwisha.

Filamu yenyewe nusura ipotee. Mwaka 1993 moto uliunguza negativu zake London. Mafundi wa Bologna, Italia, walizilainisha tena sehemu zilizosalimika na kuziunga kwa mkono, kazi ya karibu saa 1,000, na mwaka 2015 nakala safi ikaanza kuzunguka duniani. Hiyo ndiyo ya kutafuta, kwa sababu kwenye nakala chakavu uso wa Sarbajaya ulikuwa ukungu.

Na uso huo ni wa Karuna Banerjee, ambaye sifa zake huwa ndogo mno kila tukio hili linapojadiliwa. Watu humtaja Ray, humtaja Shankar. Ukiipata nakala nzuri, rudia tukio hilo ukiwa umezima sauti kabisa. Angalia anavyozitazama zawadi mbili za kwanza bila kuziona, anavyochelewa kunyoosha mkono sari inapotolewa, anavyoibana kwanza kana kwamba bado ataweza kujizuia. Muziki ulikuja baadaye, juu ya kazi ambayo mama huyu alikuwa ameshaimaliza.