Fundi vigae wa Kisaka

Pongezi zangu ni kwa fundi anayeanza kazi kwa kuugonga ukuta. Huku Kisaka, Serengeti, nyumba za zamani zina majiko yenye masizi ya miaka mingi, na lipu iliyoachana na tofali. Fundi wetu aligonga kwa mpini wa mwiko, akasikiliza, akasema: "Mama, ukuta huu haudai vigae, unadai lipu."

Hapo ndipo gharama ilipo. Eneo la nyuma ya sinki na jiko ni dogo: urefu wa mita 3 kwa kimo cha sentimita 60 ni mita za mraba 1.8, yaani vigae 10 vya sentimita 30 kwa 60, ongeza kimoja cha kukatwa na kuvunjika. Lakini kubandua lipu kwa tindo, kusugua mafuta na masizi, kupiga lipu upya na kuiacha ikauke, hizo ni siku zisizoonekana kwenye picha ya kazi iliyokamilika. Nasi hizo ndizo tunazozipunguzia bei!

Meza ya zamani ya sinki na jiko hailali sawa, hivyo fundi hakuiamini. Alipigilia ubao ukutani, akausawazisha kwa pimamaji, akaanza kupandisha vigae juu yake. Safu ya chini ilikuja mwisho, kila kipande na kimo chake. Penye swichi alikata kwa grinda polepole, akipuliza vumbi, akipima tena.

Chai yake ilipoa mara mbili.