Kusikiliza Nyumba: Al-Inkishafi na Orofa za Mji Mkongwe

Al-Inkishafi ni miongoni mwa tungo zinazotajwa sana na kusomwa kidogo. Mtu akizungumzia magofu ya mwambao, au nyumba za kale zinazokarabatiwa katika miji yetu ya mawe, haikawii kuitwa kutoa ushahidi. Hutakiwa iseme hivi: angalieni fahari tuliyoipoteza, basi inukeni mkaijenge upya. Nimeisoma tena nikiwa mpangaji wa orofa ya tatu, katika nyumba ya Mji Mkongwe iliyokarabatiwa vizuri, na ushahidi huo sikuuona. Nimeuona mwingine, ulio mgumu zaidi kuupokea.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga baada ya Pate kuporomoka kutoka katika enzi yake. Anausemesha moyo wake, anaukemea kwa kuipenda dunia, kisha anaupeleka mpaka katika nyumba za matajiri waliotangulia. Kwanza anauonyesha nyumba zilipokuwa hai: taa zinazogeuza usiku kuwa mchana, vyombo vya kaure vya kuchaguliwa, vitanda vya fahari, watumishi wa kuwapepea mabwana. Halafu anauonyesha nyumba zizo hizo zikiwa tupu. Makinda ya popo yananing'inia juu, buibui wametanda vitandani, ndege wamelala katika zidaka zilimokuwa sahani.

Wengi wetu huishia hapo, kwenye picha. Lakini lililo zito zaidi liko masikioni. Mshairi anasema kwamba katika nyumba hizo hausikiki mnong'ono wala wito wa mtu. Kisha anataja sauti zilizoshika nafasi: bundi analia katikati ya nyumba, mende wanavuma vyumba vya ndani, nyenje wanalia kumbini. Nyufa za kuta hazimshughulishi sana. Anachohesabu ni sauti. Kwake yeye nyumba hufa siku mwito wa "hodi" unapokosa wa kuuitikia, na ukuta huja kuanguka baadaye, kama mwili unaofuata roho. Hiki ndicho kipimo alichotuachia, nami sijui kipimo kingine kilicho bora zaidi cha kupimia ukarabati.

Ni kweli kwamba nyumba ya Pate si nyumba ya Unguja. Ile ya Pate na Lamu huingia ndani: kutoka daka na ua unapita ukumbi mmoja hadi mwingine, na kila hatua haki ya mgeni inapungua, mpaka unapofika ndani kwenye ukuta wa zidaka. Nyumba ya Mji Mkongwe, ambapo nyingi ni za karne ya 19, hupanda juu: duka, stoo au ofisi chini, familia orofani, kwa desturi za Waomani na za wafanyabiashara wa Kihindi zilizochanganyika na za wenyeji. Lakini mafundi walitumia vitu vilevile: mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba, yapata mita 3 au pungufu, ndiyo maana vyumba hivi ni virefu na vyembamba. Na nyumba zote mbili zilikuwa na adabu moja: zilijisitiri. Aliyepita njiani alizisikia kuliko alivyoziona.

Nianze kwa kusifu. Aliyeikarabati nyumba ninayokaa aliijua kazi yake. Hakupaka saruji juu ya mawe, maana saruji huzuia ukuta usipumue, unyevu ukafungwa ndani, na vichwa vya boriti vikaoza taratibu bila mtu kujua. Alirudia chokaa. Alibadilisha boriti zilizokwisha na kuziacha zilizo nzima. Mchana chumba changu kina ubaridi ambao hakuna mashine inayoweza kuuiga.

Lakini usiku huwa nasikiliza. Orofa ya kwanza na ya pili hukodishwa kwa siku. Mimi peke yangu ndiye ninayelipa kwa mwezi. Msimu wa masika wageni hawaji. Hapo nyumba nzima huvuma: kiyoyozi kilichosahaulika, pampu inayopandisha maji kwenye matangi ya paani, jokofu la vinywaji kumbini. Katika zidaka zimepangwa sahani ambazo hakuna anayekula humo. Dirisha la juu limepanuliwa ili bahari ionekane, na kodi imepanda pamoja na mandhari. Nyumba iliyojengwa ili isitazamwe sasa inauza kutazama. Kila kitu alichokitaja mshairi katika nyumba iliyo hai kimerudishwa mahali pake, taa, kaure na vitanda, na bado sikio linasikia beti zile nyingine.

Siku moja alikuja bibi mmoja, akabisha hodi, akaomba apande aone chumba. Alikaa humo zamani, baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za mji zilipotaifishwa na kugawiwa wapangaji wapya. Aligusa ukuta, akacheka. "Tulikuwa jamaa saba humu, mwanangu. Kelele usiombe." Nikamwambia kwamba sasa kumetulia. Akanitazama, akasema, "Ndiyo, naona," kisha akashuka ngazi polepole.

Nisieleweke vibaya. Sauti peke yake haishikilii dari. Katika miaka ile nyumba zilijaa watu, lakini kodi ilikuwa ndogo na hakukuwa na fedha za chokaa. Maji yakapenya, sakafu zikaanguka. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985 kwa sababu nyumba zilikuwa zinadondoka juu ya watu, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, nalo jengo lilikuwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Anayedharau kazi ya fundi kwa jina la ushairi hajapata kulala chini ya boriti iliyooza.

Wala tusizipambe sauti za kale. Mkono uliopepea katika nyumba za Pate ulikuwa wa mtu asiyekuwa na hiari. Mshairi mwenyewe hakuililia nyumba. Aliifanya hoja dhidi ya majivuno. Kumwita awe msemaji wa fahari iliyorudishwa ni kumgeuzia maneno. Angepanda leo mpaka orofa yangu, nadhani asingestaajabia zidaka. Angeuliza lile analouliza kuhusu wafu wa Pate: wako wapi watu? Tofauti ni kwamba wa Pate walikuwa kaburini, ilhali wa nyumba hii wengi wako hai, vitongoji vichache kutoka hapa, wakipita chini ya dirisha kwenda sokoni.

Hapo ndipo utenzi huu unapokuwa mgumu kwetu. Kwa wafu, mshairi hakuwa na la kufanya ila kuuonya moyo. Sisi tunalo. Kila ripoti ya ukarabati hueleza chokaa kiasi gani na boriti ngapi, na ni haki ieleze. Ingefaa ieleze pia nani walihama kazi ilipoanza, na wangapi walirudi ilipokwisha. Pasipo jibu hilo tunahifadhi lile ganda ambalo Sayyid Abdalla alilikuta Pate, tofauti ikiwa kwamba letu limepakwa rangi.

Ninapoandika haya pampu imeanza tena. Nami ni mpangaji tu. Mkataba wangu unakwisha kabla ya msimu wa wageni.