Tani ya Mawe, Ratili ya Shaba

Shaba inayotoka Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huuzwa kwa bei zenye vipimo viwili: London huitaja kwa dola kwa tani, New York kwa dola kwa ratili. Ndiyo maana Lubumbashi, mji wa Katanga ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ni mahali pa kuustahi ufundi wa kubadilisha vipimo kwa uwiano.

Tuufuate polepole. Lori limebeba tani 30 za mawe yenye asilimia 4 ya shaba, na bei tuseme ni dola 4 kwa ratili. Shaba iliyomo ina thamani gani? Fundi wa hesabu hakimbilii kikokotoo. Huandika kwanza alichonacho pamoja na jina lake: tani 30 za mawe. Kisha hupanga sehemu zake. Tani 0.04 za shaba juu, tani 1 ya mawe chini. Kilo 1,000 za shaba juu, tani 1 ya shaba chini. Ratili 1 juu, kilo 0.45359237 chini, kiwango kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1959. Mwisho, dola 4 juu, ratili 1 chini.

Sasa anakata majina. Tani za mawe zinafutana, kisha tani za shaba, kilo na ratili. Linabaki jina moja, dola. Hapo tu ndipo anapozidisha na kugawanya, na kupata takriban dola 10,582.

Kilo 1,000 na tani 1 ni uzito uleule, hivyo sehemu hiyo ni sawa na 1, na kuzidisha kwa 1 hakupunguzi wala hakuongezi mali ya mtu. Asilimia na bei ni tofauti: hizo ni za mzigo huu na siku hii, kesho zitapimwa upya. Fundi huzijua aina zote mbili za sehemu na hazichanganyi.

Kanuni ya namba tatu tuliyofundishwa shuleni, ya kutafuta namba ya nne kutokana na tatu zinazojulikana, humwachia mwanafunzi aamue kama atazidisha au atagawanya. Huku majina yenyewe huamua. Ukigeuza ratili na kilo juu chini, yatagoma kufutana, nawe utajua kosa kabla ya kuandika jibu.

Lakini jina liandikwe lote. Anayeandika “tani” bila kusema ni ya mawe au ya shaba anaweza kuisahau asilimia 4, na lori lake likaonekana na thamani mara 25 ya ile ya kweli.

Walimu, wafundisheni watoto kuandika kipimo kando ya kila namba. Nanyi mnaochimba na kuuza mawe, daini hesabu iandikwe mbele yenu, sehemu kwa sehemu, kuanzia mizani hadi dola. Mali bila daftari hupotea bila habari.