Seva ya Akiba: Namna ya Kupima Muunganisho Uliofungwa na Fundi

Mkaguzi akikuta majina matatu ya seva kwenye mstari wa kuunganisha hifadhidata, aghalabu huridhika na kuendelea na mengine. Huko ni kuhesabu tu. Ubora wa kazi hii hujulikana kwa maswali mawili: programu huisubiri seva iliyokufa muda gani kabla ya kuikatia tamaa, na je, inajua kuikataa seva iliyo hai lakini isiyostahili kuandikiwa?

Tuitazame PostgreSQL. Tangu toleo la 10, lililotoka mwaka 2017, maktaba yake ya libpq hupokea majina kadhaa ya seva yaliyotenganishwa kwa mkato na kuyajaribu moja baada ya jingine. Lakini connect_timeout isipoandikwa, libpq haijiwekei kikomo chochote. Kwenye Linux yenye mipangilio yake ya kawaida, mashine iliyozimika ghafla inaweza kusubiriwa zaidi ya dakika mbili kabla jina la pili halijaguswa. Hapa ndipo majaribio mengi hudanganya: fundi husimamisha huduma ya hifadhidata, mashine yenyewe ikiwa hai, nayo hukataa muunganisho papo hapo, kisha kila mtu anapongezana. Jaribio la haki ni kuukata mtandao. Tena kikomo hicho hakiihusu miunganisho iliyokwisha kufunguka. Muunganisho uliotulia bila kazi unaweza kukaa saa mbili kabla Linux haijauliza kama upande wa pili bado upo. Mstari usio na keepalives_idle, wala mpangilio kama huo kwenye mfumo endeshi, umefungwa nusu.

Swali la pili hujibiwa na target_session_attrs. Ikiwa read-write, programu huipita seva ya kusoma tu na kwenda kwenye jina linalofuata. Ikiachwa, seva kuu ya zamani iliyorudi kazini kama nakala itapokea wateja kwa ukarimu, iwape data iliyochelewa, kisha ikatae kila wanachoandika. Wahenga walisema akiba haiozi; hii huoza. Kuna na mtego mwingine: nywila ikibadilishwa kwenye seva moja tu, libpq ikikataliwa na seva hiyo haijaribu nyingine iliyobaki.

Wapo watakaosema kukata tamaa upesi ni hatari, na wana ushahidi mzito. Tarehe 21 Oktoba 2018, mtandao wa GitHub ulikatika kwa sekunde 43 upande wa mashariki mwa Marekani. Mfumo wa Orchestrator ukazipandisha cheo seva za MySQL za magharibi, huku mashariki kukiwa na maandishi ambayo hayajafika huko. Huduma iliyumba kwa saa 24 na dakika 11. Ila kilichofanyika haraka pale ni kuteua seva kuu mpya, na uamuzi huo haurudishwi kirahisi. Mteja anayeacha muunganisho mmoja na kubisha hodi kwingine hateui yeyote. Akikosea, amepoteza sekunde chache. Basi mteja awe mwepesi, mteuzi awe mzito. Nakiri kwamba seva mbili zikijiona kuu kwa wakati mmoja, read-write haitamsaidia mteja, kwa kuwa zote mbili zitamkubali. Ulinzi huo ni wa upande wa seva.

Wengine huweka HAProxy, programu ya kupokea na kugawa miunganisho, mbele ya seva na kuona mambo yamekwisha. Inasaidia kweli, lakini nayo yaweza kuanguka, na miunganisho iliyo wazi hukatika vilevile.

Kukatika huko ndiko kunakotenganisha fundi na fundi. Programu ikituma COMMIT, amri ya kukamilisha muamala, na muunganisho ukafa kabla ya jibu, haijui kama malipo yameandikwa. Ikirudia kiholela, mteja hukatwa pesa mara mbili. Kwa hiyo usiishie kwenye mstari wa muunganisho: fungua msimbo, utafute namba ya kipekee ya kila muamala ambayo hifadhidata yenyewe inakataa kuipokea mara ya pili.