Captain Alex: Filamu Iliyookolewa na Sauti

Ukipita jioni karibu na kibanda cha video Jinja au Mbale, filamu utaisikia kabla hujaiona. Spika iko nje, na sauti inayonguruma humo ni ya VJ, mtu anayeifasiri filamu kwa Kiganda huku inaendelea. Humpachika kila mhusika jina jipya, humkemea adui, humwonea huruma mjane, na huwatahadharisha waliobanana kwenye mabenchi kwamba kipigo kinakuja. Waganda nao husema kibanda, neno lilelile letu. Watanzania waliziita kumbi hizo vibanda umiza, na hawakumhitaji mtu wa kuwaeleza kazi hii, kwani mfasiri wao wa filamu, Lufufu, aliwazoesha. Wakenya wanaye wa kwao, DJ Afro.

Naanzia kwenye kibanda kwa kuwa ndiko iliko kanuni ya filamu ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, kazi ya Isaac Nabwana kutoka Wakaliga, mtaa wa kimaskini wa Kampala. Wengi wameicheka. Wachache wameuliza kicheko hicho kimetengenezwaje, na hilo ndilo swali la safu hii.

Nabwana alikuwa mfyatuaji wa matofali. Alizaliwa mwaka 1973, na utotoni hakuruhusiwa kwenda vibandani. Kaka zake ndio waliokwenda, wakarudi na kumsimulia walichokiona. Kwa hiyo sinema ilimfikia kwanza kwa masikio. Mwaka 2005 alianzisha Ramon Film Productions, jina lililounganishwa kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica.

Filamu yenyewe ni ya mapigano. Kapteni Alex wa jeshi anapambana na genge la Tiger Mafia linaloongozwa na Richard. Alex anauawa, na ndugu yake, bingwa wa kung fu aitwaye Bruce U, anamtafuta muuaji. Genge linateka helikopta na kuilipua Kampala. Yote hayo yalifanywa kwa fedha ambazo waliotengeneza wanasema hazikufika dola 200 za Marekani.

Tazama walivyofanya. Bunduki zilichongwa kwa mbao na kuungwa kwa vyuma chakavu. Fundi mkuu wa vifaa hivyo alikuwa Dauda Bisaso. Bunduki ya namna hiyo haitoi moto, hivyo kila mwako wa risasi ilibidi uongezwe baadaye kwenye kompyuta. Mwigizaji alitakiwa kutikisika kama aliyefyatua silaha ya kweli, na aliyelengwa aanguke kwa wakati wake, wakati hakuna mlio uliosikika uwanjani. Damu mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe, lakini ilileta maradhi, wakahamia kwenye kondomu zilizojazwa maji ya rangi. Kondomu hufungwa kifuani chini ya shati na kuunganishwa na uzi wa kuvulia samaki. Uzi ukivutwa, inapasuka. Helikopta na majengo yanayolipuka ni kazi ya kompyuta ambayo Nabwana aliiunga mwenyewe kwa vipuri vilivyotumika. Kuta za nyuma zilikuwa kitambaa cha kijani kilichotundikwa uani.

Adui mkubwa alikuwa umeme. Wakati huo sehemu kubwa ya umeme wa Uganda ilitoka hapo Jinja, katika bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Lakini filamu hii ilitengenezwa kabla ya kituo cha Bujagali, kilichopo kaskazini mwa Jinja, kukamilika mwaka 2012, katika miaka ambayo mgao uliisumbua nchi nzima. Mhariri akipoteza umeme kabla hajahifadhi, anapoteza kazi ya siku nzima. Kisha likaja pigo kubwa zaidi: diski ya kompyuta ilijaa, na ili filamu inayofuata ipate nafasi, nakala halisi ya Captain Alex ikafutwa. Nabwana hakutarajia kwamba iko siku ingetafutwa nje ya mtaa wake.

Iliyobaki ni nakala hafifu yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Hapa ndipo uchambuzi unapopaswa kutulia.

Kwa kawaida VJ hufanyia kazi filamu ya mtu mwingine, iliyotoka mbali, mara nyingi bila idhini ya mwenyewe. Hapa mambo yamegeuka. Mtengenezaji na VJ ni wa nyumba moja, na VJ anazijua nyufa zote za nyumba hiyo. Ukiisikiliza kwa makini, utaona sauti ya Emmie inafanya kazi nne.

Ya kwanza ni kutangaza. Emmie hutuahidi mapigano muda mrefu kabla hayajaanza, tena na tena, kama mchuuzi anayeita wateja. Tukio la watu wawili wanaozungumza chumbani, ambalo lingechosha, linageuka kuwa la kusubiri. Ya pili ni kuziba. Pale picha mbili zisiposhikana vizuri, au sauti ya wahusika ikififia, neno lake huingia kwenye pengo, na jicho la mtazamaji halipati nafasi ya kulikagua. Ya tatu ni kuwatambulisha watu: askari asiye na jina anapata jina, na mpiganaji anapata sifa za mashujaa wa sinema za kung fu. Ya nne, ambayo kwangu ndiyo kubwa, ni kucheka kabla ya mtazamaji. Helikopta inapopita juu ya Kampala, inaonekana wazi kuwa ni mchoro wa kompyuta. Emmie hajaribu kulificha hilo. Anashangilia kwa sauti ya juu kuliko sisi sote, na kejeli yetu inakosa pa kusimama. Tunacheka pamoja naye, ndani ya filamu.

Kwa kipimo hicho, kichekesho cha Captain Alex hakitokani na uduni wa vifaa. Filamu duni ziko nyingi, na nyingi zinachosha. Hii inachekesha kwa sababu ya mwendo: picha inaahidi, sauti inazidisha, picha inajaribu kuifikia sauti, inashindwa kidogo, na sauti inaidaka kabla haijaanguka. Mtu aliyekulia kwenye mabenchi ya vibanda anaujua mwendo huo kama anavyoijua ngoma ya kwao.

Hata hivyo kuna kasoro, na kuificha ni kuwadharau walioifanya. Swali lililo kwenye jina halijibiwi: filamu inaisha bila kutuambia nani aliyemuua Alex. Wanawake wamepewa nafasi finyu. Sauti ya Emmie nayo, kwa kuziba kila ufa, wakati mwingine inaziba hata kimya ambacho tukio la msiba lilikihitaji.

Mapokezi yaligawanyika tangu mwanzo. Mtaani, waigizaji waliuza DVD nyumba hadi nyumba, wakigawana mapato, wakishindana na wanakili haramu. Nje ya Uganda, tangazo la filamu lililowekwa YouTube mwaka 2010 lilitazamwa na mamilioni. Wako walioipenda kwa dhati na wako walioichukua kama kituko cha Afrika. Nchini, baadhi ya wapenzi wa sinema waliona inaitia nchi aibu. Mmarekani Alan Hofmanis alipoliona tangazo hilo mwaka 2011, alipanda ndege kwenda Wakaliga, akabaki kushirikiana nao. Mwaka 2015 filamu nzima iliwekwa YouTube. Mwaka huohuo waliomba mtandaoni dola 160 kwa ajili ya filamu nyingine, wakapata zaidi ya 13,000. Filamu yao Bad Black ilishinda tuzo ya watazamaji katika tamasha la Fantastic Fest huko Texas mwaka 2016, na mwaka 2019 nyingine yao, Crazy World, ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto.

Hukumu yangu ni hii. Waliosema ni filamu mbaya walipima picha peke yake. Waliosema inapendeza kwa ubaya wake hawakusikiliza. Nabwana aliyepewa sinema na kaka zake kwa maneno, aliirudishia dunia sinema inayosimama kwa maneno, na nakala halisi ilipofutwa, maneno ndiyo yaliyoibakiza.

Kwa vijana wa Jinja na Mbale wanaoshika kamera leo, nina maombi mawili. Hifadhini kazi yenu mahali pawili kabla ya kulala. Pili, watafuteni ma-VJ wa zamani wa vibanda, kaeni nao, warekodini, waulizeni kwa nini walinyamaza pale na kupaza sauti hapa. Kisha jaribuni kazi hiyo kwa Kisoga na Kigisu. Ufundi huo haujaandikwa kitabuni. Umo vifuani mwa watu, na watu hawana nakala ya pili.