Kwanza Mlete Mbwa

Ukifika Kibuye, mjini Kisumu, kwa mafundi wa kuchomelea, ukasema unataka tundu la mbwa kwenye geti, wengi watakuuliza ukubwa wake halafu watawasha grainda. Yupo mmoja ambaye huuliza, "Mbwa mwenyewe yuko wapi?" Ukimwambia yuko nyumbani Migosi, atajibu, "Basi, Mama, nitapita jioni nimwone kabla hatujaongea bei." Nimeitazama kazi yake kwa karibu, na siku hizi sipiti kando ya mlango wa mbwa bila kuinama niukague.

Ni kazi ndogo isiyolipa kama geti zima au grili za madirisha. Katika mitaa ya Kisumu mbwa wa ulinzi kwa kawaida hulala nje: mchana hufungiwa bandani au uani, usiku hufunguliwa azunguke kiwanja. Shida iko kwenye geti dogo la pembeni, lile linalotenga ua wa jikoni na upande wa mbele. Likiachwa wazi, mwizi amepata njia. Likifungwa, mbwa anabaki nyuma akibweka huku mtu anaruka ukuta wa mbele. Tundu lililokatwa vizuri humaliza tatizo hilo. Wengine hulitaka kwenye mlango wa stoo au wa veranda, ili mnyama apate pa kujificha mvua ya usiku bila kumwamsha mtu.

Fundi akifika hachomoi tepu mara moja. Huchuchumaa, humwachia mbwa anuse mkono, husubiri mkia utulie. Kisha hupima kutoka sakafuni hadi juu ya mabega. Kichwa hakipimi, kwa kuwa mbwa hupita tunduni akiwa amekiinamisha. Mabega ndiyo hayashuki mpaka achutame. Hufuata kifua pale kilipo kipana, halafu tumbo. Juu ya mabega huongeza inchi 2, na upana wa kifua huuongeza hivyo hivyo. Ukingo wa chini huuweka chini ya usawa wa tumbo, na kwa mbwa mzee huushusha zaidi, maana nyonga zikishachoka, kuvuka kizingiti huwa maumivu ya kila siku. German Shepherd dume aliyekomaa ana kimo cha sentimita 60 hadi 65 begani, na jike 55 hadi 60, kwa hiyo tundu lililokatwa kwa kipimo cha mtoto wa miezi minne halitamfaa hata mwaka mmoja. Kwa mtoto wa mbwa wa kienyeji, ambaye ukubwa wake haujaandikwa popote, fundi huomba aonyeshwe mama yake.

Baada ya hapo huzunguka upande wa pili wa mlango na kupima tena. Veranda zetu nyingi ziko juu kuliko ua kwa ngazi moja au mbili, na tundu linaloonekana la kustarehesha ukiwa ndani huwa ni la kurukia ukiwa nje. Wenye haraka hawafiki upande huo. Yeye akiona tofauti ni kubwa, humwambia mwenye nyumba amwage zege kidogo kwanza, papatikane pa kukanyagia.

Kilichonivutia kuliko vyote ni namna anavyompima mwizi. Akishachora tundu kwa chaki, huketi sakafuni upande wa ndani, huegemeza bega lake kwenye mchoro, kisha hunyoosha mkono juu, kushoto na kulia. Chochote ambacho vidole vyake vinakifikia, na vya mwizi vitakifikia. Mageti yetu mengi yana komeo la chini, karibu na sakafu, na ndilo la kwanza kuguswa. Basi tundu huhamia upande wa bawaba, au komeo hupandishwa, au hutiwa kufuli. Akiombwa aukate mlango mkuu wa nyumba kwa ajili ya mbwa mkubwa, hukataa: "Hapo hapana, Mama. Anapopita mbwa huyu, mtoto wa mtu pia anapita." Na kwa upande wa ndani wa kila tundu huweka reli mbili nyembamba na bamba la chuma la kuteremsha, ili familia ikisafiri pafungwe kabisa.

Kukata kwenyewe hakuchukui muda. Kwa keekee hutoboa shimo la duara katika kila kona, ndipo hupitisha grainda kutoka shimo hadi shimo. Diski ya grainda ni ya mviringo. Ukitaka ikate kona hadi mwisho kwa nyuma, kwa mbele itakuwa imepitiliza, na ule mpasuko mdogo ndio kutu huanzia. Mashimo huizuia diski isipitilize, na pia huacha kona za mviringo zisizochuna ngozi. Kinachofuata ni tupa, polepole, pande zote mbili za bati. Akidhani amemaliza, hachunguzi kwa kiganja, kwa sababu kiganja chake kimekuwa sugu mno. Huchukua kitambaa cha pamba na kukiburuta kuzunguka ukingo wote. Uzi mmoja ukinasa, hurudia kupiga tupa mahali hapo.

Fremu ya vyuma bapa hufuata, mbele na nyuma. Bati la geti ni jembamba, mara nyingi milimita 1.2 au 1.5, na joto likikusanyika mahali pamoja hupinda na halinyooki tena. Kwa hiyo huchomelea vidoto: kimoja juu kushoto, kingine chini kulia, husubiri chuma kipoe, hurudi na kingine katikati. Mtu asiyejua atadhani anapoteza umeme.

Kwa kifuniko, ameshaacha kutumia bati. Bati hugonga usiku kucha na hubana mkia. Mpira wa tyubu nao hujikunja kwa jua la Kisumu. Anachopenda ni ule mpira mzito unaoning'inizwa nyuma ya magurudumu ya lori kuzuia matope. Huukata, huubana kwa juu kwa chuma bapa na bolti, hatumii ribiti, ili siku ukichakaa mwenye nyumba mwenyewe aubadilishe kwa spana. Chini hupachika sumaku alizozitoa kwenye spika za redio mbovu. Hapa upepo wa mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu na wa usiku hugeuka kurudi ziwani, hivyo pazia la mpira lazima lishikwe lisisukumwe upande wowote, lakini pua ya mbwa iweze kulibandua bila taabu. Idadi ya sumaku huipata kwa kujaribu na mbwa huyo huyo.

Kwenye milango ya mbao masharti ni mengine. Mlango wa saiprasi wenye paneli hukatwa ndani ya paneli tu; ukigusa mbao za fremu umeuvunja uti. Ule wa plaiwudi, ulio mtupu ndani, lazima ujazwe vipande vya mbao kuzunguka tundu lote, la sivyo mvua huingia na mlango huvimba. Na kama tundu linaelekea chumba wanacholala watu, usiache mwanya hata wa kidole. Kanda ya ziwa ndiyo inayoongoza kwa malaria nchini Kenya, na mbu hahitaji nafasi kubwa.

Kutoboa ukuta au mlango bila kuudhoofisha ni ujuzi wa zamani katika kanda hii. Kule Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, ambako UNESCO iliandikisha urithi wa dunia mwaka 2018, kuta za mawe zilizojengwa bila udongo wala saruji, huenda katika karne ya 16, zina urefu wa mita 1.5 hadi 4.5 kwenda juu, na milango yake ni mifupi kiasi cha kumlazimu mtu mzima kuinama. Uingereza nako, katika kanisa kuu la Exeter, mlango wa chumba cha saa ya kale una tundu la duara kwa chini, la paka wa kuwinda panya. Waliokata matundu hayo walijua nani atapita na nani azuiwe.

Ukishawekewa mlango huo, usimsukume mbwa. Ngoja harufu ya rangi iishe, maana pua yake haitaivumilia. Funga pazia juu kwa kamba siku chache apite wazi, kisha literemshe nusu, wewe ukiwa upande wa pili na omena mkononi. Hakikisha pia amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa kabla hujampa uhuru wa kuzunguka. Na fundi akikuomba nauli ya kuja kupima, usimpunguzie. Mlipe na hiyo jioni.